Mzazi, kazi yako haiishii kituo cha mabasi

Kila mwaka, kati ya Agosti na Septemba, vituo vya mabasi jijini Nairobi hujaa magodoro yaliyofungwa kamba, ndoo mpya na mabegi yaliyofura. Kijana aliyepata nafasi katika chuo kikuu anaabiri basi la kwenda Eldoret, Njoro, Maseno au Kilifi. Mzazi anampa nauli, anamkumbusha kusali na kusoma kwa bidii, kisha anarudi nyumbani akishusha pumzi. Moyoni anasema: "Sasa nimetua mzigo."

Msomaji mpendwa, mzazi huyo amejidanganya. Mwanawe anaingia katika kipindi ambacho usingizi, chakula, fedha na fikra zake zote zitatikisika kwa wakati mmoja, naye mzazi ndiyo kwanza amepoteza njia zake zote za kupata habari.

Hebu kumbuka mambo yalivyokuwa katika shule ya upili. Kulikuwa na kengele ya kuamka na ya kulala. Mtoto akiugua, mwalimu wa zamu alijua. Akianguka mtihani, ripoti ilikufikia mkononi mwishoni mwa muhula. Ukiwa na wasiwasi, ulikwenda siku ya wazazi ukamwona kwa macho yako.

Chuoni hakuna kengele. Akikosa mhadhara, aghalabu hakuna amwulizaye. Matokeo ya mtihani hupewa yeye mwenyewe, maana akishatimiza miaka 18 ni mtu mzima mbele ya sheria. Daktari wa chuo naye ana wajibu wa kutunza siri za mgonjwa wake. Kwa hivyo, habari karibu zote utakazozipata hupitia mdomo mmoja tu, nao ni mdomo wa mwanao.

Ndiyo maana husikika visa vya wazazi wanaofika kwenye mahafali na jamaa tele ndani ya matatu ya kukodi, mbuzi kesha chinjwa nyumbani, kumbe jina la mtoto halimo katika orodha ya wanaohitimu. Jambo kama hilo halianzi siku ya mahafali. Huanza na somo moja lililoanguka, ugonjwa uliofichwa au karo iliyoliwa, na kijana aliyeogopa kusema.

Somo letu juma hili ni moja: jinsi ya kuufanya mdomo huo ufunguke mapema, wakati tatizo lingali dogo. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mzazi naye ajiulize ni kwa nini mtoto anaficha.

KABLA HAJAONDOKA

Kaeni kitako jioni moja kabla ya siku ya safari. Usimhutubie. Zungumzeni mambo matano yafuatayo, na yaandikeni.

1. Bima ya afya. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua mahali pa NHIF. Hakikisha mwanao amesajiliwa, na kwamba anajua nambari yake na hospitali anazoweza kutibiwa. Usingoje alazwe usiku wa manane ndipo uanze kutafuta vyeti.

2. Ugonjwa alio nao. Kijana mwenye pumu, kisukari, kifafa au selimundu amezoea kukumbushwa dawa na mama. Sasa atajikumbusha mwenyewe. Apewe dawa za kumtosha majuma ya kwanza, na barua ya daktari wake ya kupeleka kwenye kliniki ya chuo. Na mtu mmoja anayeishi naye chumbani ajue la kufanya akizidiwa.

3. Malaria. Kijana aliyelelewa Nairobi hana kinga kubwa ya mwili dhidi ya malaria. Akienda kusoma Maseno, Kakamega au Kilifi, anaingia eneo lenye mbu waenezao ugonjwa huo. Mnunulie chandarua kilichotiwa dawa. Mwambie kwamba homa, kuumwa kichwa, baridi au kutapika si mambo ya kununulia vidonge dukani; apimwe damu siku hiyo hiyo. Dalili aghalabu hutokea siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu. Hivyo, akirudi nyumbani likizoni kisha apatwe na homa, mweleze daktari wa Nairobi kwamba kijana ametoka eneo la malaria.

4. Mapenzi. Wazazi wengi hupaona hapa pazito. Lakini usipomwambia wewe, ataambiwa na mwenzake asiyejua. Ajue kwamba tembe za dharura za kuzuia mimba hazikingi Ukimwi wala magonjwa mengine ya zinaa. Ajue pia kwamba mtu aliyebakwa, au aliyefanya mapenzi bila kinga na mtu asiyejua hali yake, anaweza kupewa hospitalini dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, mradi afike kabla ya saa 72 kupita, na kwamba dawa hizo humezwa kwa siku 28. Kadiri anavyowahi ndivyo inavyokuwa bora. Kijana anayeogopa kuulizwa "ulikuwa wapi?" huzipoteza saa hizo akiwa kitandani akilia.

5. Mtu wa karibu. Chagueni pamoja mtu mzima mmoja, kama vile shangazi, mjomba au rafiki wa familia, ambaye kijana anaweza kumwambia lile asiloweza kukuambia wewe. Usione wivu.

FEDHA NA TUMBO

Njaa ya chuoni mara nyingi hutokana na hesabu. Kijana hupewa fedha za mwezi mzima kwa mkupuo, naye hajawahi kushika kiasi hicho maishani. Juma la kwanza anakula kuku na vibanzi. Juma la nne anashindia chai na mkate.

Tufanye mfano. Tuseme uwezo wako ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Ukizigawa kwa majuma manne, ni shilingi 1,500 kila juma. Akitumia shilingi 150 kwa siku kwa chakula, juma litakula shilingi 1,050, na zitabaki 450 za sabuni, nauli na kunakili karatasi za masomo. Hesabu hiyo ifanyeni pamoja, yeye ndiye ashike kalamu. Kwa miezi miwili ya kwanza mtumie fedha kwa simu kila Jumatatu badala ya mkupuo mmoja. Akishazoea, mpe za mwezi.

Mweleze ukweli kuhusu kipato chako. Wazazi wengine huona aibu kumwambia mtoto kwamba biashara imeharibika au kazi imekwisha. Mtoto asiyejua hali ya nyumbani atadhani umemsahau, au ataahidi wenzake mambo ambayo huyawezi. Kama anategemea mkopo wa HELB, mwambie asipange kula kwa fedha ambazo hazijaingia.

Jihadhari na mambo mawili yaliyo ndani ya simu yake: kamari ya mpira na mikopo ya haraka. Kijana huanza kwa shilingi 50. Akipoteza, huweka zaidi ili arudishe. Huishia kuweka karo, kisha hukopa ili kuiziba. Ukiona anaomba fedha mara kwa mara kwa sababu zinazobadilika, uliza kwa upole lakini waziwazi: "Mwanangu, unacheza kamari?"

Kuhusu chakula chenyewe, si lazima kiwe cha gharama. Githeri, ndengu, maharagwe, mayai, omena, sukumawiki na ndizi vyatosha kumjenga. Mfunze kupika angalau vyakula vitatu kabla ya kuondoka, awe mvulana au msichana. Umkanye pia kumeza ovyo dawa za kutuliza maumivu, hasa akiwa hajala. Baadhi ya dawa hizo huumiza ukuta wa tumbo na zaweza kuleta vidonda.

USINGIZI

Mtu wa umri wa miaka 18 hadi 25 anahitaji usingizi wa saa saba hadi tisa kila usiku. Wanafunzi wengi hulala saa nne au tano, halafu hujivunia jambo hilo. Wengine hutafuna miraa au muguka, au hunywa vinywaji vya kuongeza nguvu, ili wakeshe wakisoma. Ajabu ni kwamba ubongo huhifadhi yaliyosomwa wakati mtu amelala. Anayekesha usiku wa kuamkia mtihani anamwaga maji kwenye gunia.

Usingizi pia ni kipimo kizuri kwa mzazi. Kijana anayelala mchana kutwa, au asiyelala kabisa, ana jambo. Huenda ni ugonjwa wa mwili, pombe, mawazo au simu. Lolote liwalo, lafaa kuulizwa.

SIMU YA KILA JUMA

Tengeni siku na saa moja ya kuzungumza kila juma, mathalani Jumapili saa mbili usiku. Isiwe simu ya kutuma fedha. Simu ya fedha na simu ya mazungumzo zitenganishwe, la sivyo kila ukipiga atajua anadaiwa maelezo ya matumizi.

Sasa tazama mazungumzo ambayo hufanyika katika nyumba nyingi:

"Masomo vipi?"

"Poa, mama."

"Unakula?"

"Nakula."

"Haya, soma kwa bidii. Unajua tunavyojinyima kwa ajili yako."

"Sawa, mama."

Mama huyu ameridhika, lakini hajajua kitu. Maswali yake yamejibika kwa neno moja moja, na maneno yake ya mwisho yamemwongezea mtoto mzigo. Kama kijana alikuwa na habari mbaya ulimini, ameimeza.

Jaribu maswali yasiyojibika kwa neno moja:

- "Leo umekula nini, na umekula na nani?"
- "Ni somo gani linalokupa taabu zaidi muhula huu?"
- "Ni mhadhiri gani anayekufurahisha, na kwa nini?"
- "Juma hili kuna siku uliyohisi vibaya? Ilikuwaje?"
- "Mwenzako wa chumbani anaendeleaje?"

Swali la mwenzake lina faida yake. Vijana huona rahisi kusimulia taabu zao kana kwamba ni za mtu mwingine. Akisema, "Kuna rafiki yangu hajahudhuria masomo kwa majuma mawili," usikimbilie kumlaani huyo rafiki. Uliza amepatwa na nini, na kama kuna mtu wa kumsaidia. Anakupima aone utakavyolipokea jambo lake mwenyewe.

Zungumza nawe pia. Mweleze jambo lililokushinda juma hili kazini au sokoni. Mtoto anayesikia mzazi akikiri kushindwa hujifunza kwamba kushindwa kunasemeka.

DALILI ZA KUTAHADHARI

Uchunguzi wa wataalamu katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba magonjwa mengi ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 25. Hivyo, miaka ya chuo ndiyo hasa miaka ya hatari. Si uchawi, si laana ya ukoo, wala si uvivu. Ni maradhi, nayo hutibika.

Kila mwanafunzi huwa na siku mbaya, na juma la kwanza wengi hulia kwa upweke. Hilo hupita. Lakini umwone mtaalamu ikiwa mambo haya yamedumu kwa majuma mawili au zaidi:

- Huzuni isiyokwisha, au hasira kali kwa mambo madogo.
- Kuacha mambo aliyoyapenda, kama vile mpira, kwaya au marafiki.
- Kukosa usingizi au hamu ya chakula, au kuzidisha vyote viwili.
- Kukosa masomo, kuzima simu, kukwepa kuja nyumbani.
- Kunywa pombe au kutumia dawa za kulevya ili "asahau".
- Kusema hafai kitu, au kwamba ninyi mngekuwa afadhali bila yeye.

Dalili zingine hazingoji majuma mawili. Akiwa anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anaamini watu wote wanamwinda, apelekwe hospitali mara moja. Vilevile akianza kugawa vitu vyake, kuaga watu kwa namna isiyo ya kawaida, au kuzungumza juu ya kufa.

Hapa wazazi huogopa neno lenyewe. Hudhani ukimwuliza mtoto kuhusu kujiua utampandikizia wazo hilo. Wataalamu wanakubaliana kwamba si kweli. Kuuliza humpa nafuu, kwa kuwa sasa hayuko peke yake na siri hiyo. Uliza waziwazi: "Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?" Akijibu ndiyo, usipige mayowe, usimwambie ni dhambi au ni aibu. Mwambie umefurahi kwamba amekuambia. Hakikisha kuna mtu pamoja naye saa hiyo hiyo, vitu vya kujidhuru kama sumu na dawa viondolewe karibu naye, kisha afikishwe hospitali. Kama uko mbali, mpigie mwenzake wa chumbani, au mkuu wa wanafunzi wa chuo, wakati wewe ukitafuta gari. Shirika la Msalaba Mwekundu nchini Kenya lina nambari ya simu ya bure, 1199, ambayo watu hupiga kupata ushauri nasaha.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2021 ziliweka kujiua katika nafasi ya tatu miongoni mwa visababishi vya vifo vya watu wa umri wa miaka 15 hadi 29 duniani. Nchini Kenya, hofu ya sheria iliwafanya wengi kuficha, kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Familia isiogope kumpeleka mgonjwa wake hospitali.

HABARI MBAYA IKIJA

Siku moja simu italia, na sauti ya mwanao itakuwa chini. "Baba, nimeanguka masomo matatu." Au, "Mama, niko na mimba." Au, "Ile karo sikulipa."

Dakika tano za mwanzo ndizo zitakazoamua kama atakuambia tena lolote maishani. Hasira yako ni haki yako, lakini iweke kando kwa usiku mmoja. Sema maneno matatu tu: "Asante kwa kuniambia. Uko salama? Tutazungumza kesho." Kisha kata simu, tembea, sali, fanya lolote linalokutuliza.

Kesho yake mtafute njia. Somo lililoanguka kwa kawaida huweza kurudiwa mtihani. Mwanafunzi mgonjwa au aliyefiwa anaweza kuomba kuahirisha masomo kwa kufuata utaratibu wa chuo, akiwa na barua ya daktari pale inapohitajika. Vyuo vikuu huwa na ofisi ya mkuu wa wanafunzi na wahudumu wa ushauri nasaha. Tofauti kati ya kijana aliyeahirisha masomo kwa barua na yule aliyetoweka tu ni kubwa: wa kwanza ana mahali pa kurudi, wa pili huenda akafutwa katika orodha. Kwa hivyo awahi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Msaidie, lakini asimame mwenyewe. Mwandikieni mkuu wa wanafunzi pamoja, ila yeye ndiye atie sahihi na aipeleke. Mzazi anayekwenda kugombana na wahadhiri kwa niaba ya mtu mzima humrudisha mwanawe chekechea.

ANAYEKAA NYUMBANI

Baadhi yenu wana wao husoma hapa hapa jijini na hurudi nyumbani kila jioni. Msidhani kumwona mezani ni sawa na kumjua. Kijana wa namna hii huchoshwa na matatu za alfajiri na foleni za jioni, na aghalabu huongezewa kazi za nyumbani kwa kuwa "hana shule leo". Mpeni saa zake za kusoma, na pembe moja ya nyumba isiyo na televisheni. Ile Jumapili ya mazungumzo mtengeeni naye pia.

ZOEZI LA JUMA HILI

Chukua karatasi ujibu maswali haya bila kumpigia mtu simu:

1. Mwanao anaishi chumba kimoja na nani, na una nambari ya simu ya mtu huyo?
2. Ni somo gani linalompa taabu muhula huu?
3. Mara ya mwisho alipokuambia jambo baya lilikuwa lipi, nawe ulimjibuje?
4. Akizidiwa usiku huu, atapelekwa hospitali gani, na nani?

Ukikwama katika maswali mawili au zaidi, usijilaumu. Muhula una takriban majuma 14 hadi 16, na huenda mengi yangali mbele. Anza jioni ya leo. Mpigie, na usimwulize habari za masomo. Mwulize alichokula na aliyekula naye, kisha unyamaze umsikilize.